Lugha haikuwa kikwazo, kodi ndiyo iliyowatesa
Nimesoma makala kuhusu familia iliyohamia Arusha kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC). Eti kilichoisumbua zaidi ni lugha? Hapo mwandishi kateleza. Watu wengi wa Kivu, eneo ulipo mji wa Bukavu, wanakua na Kiswahili. Lafudhi itawachekesha majirani siku za mwanzo, basi. Mimi nimewahi kupanga nyumba moja na familia kama hiyo pale Ngarenaro, na kilichowatoa jasho ni kodi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka chake, halafu wanaulizwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ambayo mgeni aliyefika juzi ataitoa wapi? Mzee alikuwa na cherehani yake na suti anazijua hasa, lakini fremu ya duka hakupewa bila mdhamini. Akaishia barazani, akipunguza suruali za mitumba, mkewe kando yake akisuka nywele. Aliyewavusha ni mama mmoja wa Kipare wa chumba cha pili: aliwaingiza kwenye kikoba chake, kikundi cha kuweka na kukopa, akaenda nao kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua ya utambulisho. Hayo makala haijayagusa kabisa. Na Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, makao makuu yako hapa hapa Arusha! Mlioko Moshi, wenye nyumba wa Majengo na Pasua wanakubali kodi ya mwezi mwezi kwa mgeni, au na huko ni miezi sita tu?