Bosi Asiyekuwepo Kwenye Mkeka

Miaka yote nilidhani ni heshima. Naingia sehemu ya nyama choma kule Area C, nimechoka, vumbi la Dodoma limenipaka mvi za mzee wa miaka sabini, na binti wa kuhudumia ananipokea, "Karibu bosi!" Mimi bosi! Fundi friji ambaye hata paka wa nyumbani hanisikilizi. Basi nilikuwa naketi kwa kujinyoosha, naagiza nusu kilo ya mbuzi na ndizi mbili, najiona mtu mbele za watu.

Juzi ndiyo nimegundua kuwa kile ni cheo kabisa. Nimeajiri, jamani. Na sikumbuki kumfanyia mtu usaili.

Bili ilikuja 14,500. Nikatoa 15,000, nikaisubiri mia tano yangu. Binti akapita na trei. Akapita tena. Mara ya tatu nikamwita, "Dada, ile chenji..." Akanitazama kama ninayedai mahari irudishwe.

"Bosi, si unajua mshahara wetu ndiyo nyinyi?"

Nikamwuliza, na yule aliyekaa kaunta na rundo la funguo kiunoni, yeye ni nani? Akacheka, akainama kufuta meza iliyokuwa safi tayari. Huu mwezi wa tatu anaambiwa biashara mbaya, achangamke na wateja. Mteja akitoroka na bili, anakatwa yeye. Glasi ikivunjika, yeye.

Mia tano sikuidai tena, ila usingizi ulikata. Mji huu tumezoea mikeka, zile orodha za uteuzi, mtu analala hivi anaamka vile, lakini angalau jina lake huwa analiona. Mimi wangu nimeukosa. Kama kweli ni mwajiri, basi nipewe na mamlaka: nisaini likizo za watu, nitoe onyo kwa maandishi. Siku ile pilipili ilichukua dakika ishirini kutoka jikoni, na hakuna aliyeniletea barua ya kujieleza.

Nikalipeleka suala kijiweni, kwenye kahawa, Majengo. Mzee mmoja mstaafu akanisikiliza hadi mwisho, akasema nisilie peke yangu, mpwa wake anahudumu mgahawani Texas, na kule jambo hili limo ndani ya sheria yenyewe. Kima cha chini cha shirikisho Marekani ni dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu 2009. Ila anayepokea bakshishi, tajiri anaruhusiwa kumpa dola 2.13, na hiyo imekaa hapohapo tangu 1991. Zinazobaki atoe mteja. Bakshishi zisipofika, sheria inamtaka tajiri ajazie.

"Na hujazia?" nikauliza.

"Wewe ungekwenda kumkumbusha?"

Kijiwe kikanyamaza kidogo. Hilo hata Mgogo wa kuchunga ng'ombe Bahi analielewa bila dola.

Akaongeza kuwa si kote. Majimbo saba, California na Minnesota yakiwemo, yanamtaka tajiri alipe kima kizima, bakshishi iwe nyongeza ya mhudumu. Chicago nao mwaka 2023 walipitisha kuipunguza ile tofauti kidogo kidogo. Massachusetts wakaulizwa wapiga kura 2024, wakakataa.

Hapo kijana wa bodaboda akarukia. Wamekataa wana akili! Wapo wahudumu wenyewe wasiotaka, kwa sababu usiku mmoja mzuri unafuta mshahara wa wiki. Tajiri akibanwa alipe yote, anapandisha bei ya nyama, mteja anakunja mkono, mhudumu anakosa huku na kule. Akatoa mfano wa dada yake: Bunge la bajeti likiwa mjini, kuanzia Aprili hadi Juni, kuna meza inaacha elfu kumi bila kuhesabu.

Ni kweli, nimeziona hizo meza. Ndizo zinazonifanya nisubiri. Msimu ule ukiingia na mia tano yako mfukoni unakuwa kama kiti, unapitwa tu. Lakini nikamwuliza kijana, Bunge likishavunja kikao, Julai upepo unapuliza, wenye posho wamepanda treni ya SGR kurudi Dar, dada yako kodi ya chumba Nkuhungu anamwachia nani? Mimi? Huku kwetu kima cha chini kinatangazwa kwa sekta. Amri ya 2013 iliwawekea watu wa baa, migahawa na gesti 130,000 kwa mwezi, zikaja nyingine, mpya kabisa imeanza Januari 2026. Tajiri ameambiwa alipe. Hajaambiwa atafute fundi friji wa kumsaidia.

Na hii lipa namba ndiyo imenimaliza. Zamani noti unamshikisha binti mkononi. Sasa unalipa kwa simu, unaongeza elfu moja kwa huruma, inakwenda moja kwa moja kwa yule wa funguo. Binti anaona tabasamu lako tu.

Jumamosi nikarudi, nimejipanga. Nikapita meza zote hadi kaunta, nimekaza uso, maneno yote nimeyapanga kuanzia mkataba mpaka pilipili.

"Mzee," nikasema, "mimi na wewe tuna wafanyakazi wa pamoja hapa..."

"Bosi wangu!" akadakia, anachomoka na kunishika mkono kwa mikono miwili. "Mungu amekuleta. Si wewe fundi friji? Hebu iangalie hii, tangu jana haigandishi, bia zimekuwa uji. We angalia tu, hatutaachana hivihivi, nitakupa ya soda."

Nilitaka kuuliza ya soda ni shilingi ngapi. Wallahi nilitaka. Lakini friji ilikuwa inanguruma vibaya, kompresa ile, na mkono wangu ulishafungua begi.

Saa nzima nimelala chini, gesi imejazwa, jasho linanitoka. Mzee katoka, kaenda Sabasaba kufuata mkaa. Yule binti akaja na soda baridi, akaiweka juu ya sakafu karibu na pua yangu. Nikaipiga nusu kabla sijamshukuru.

"Ahsante, dada. Hii ndiyo ile aliyoniahidi?"

"Hapana, bosi," akasema, keshachomoa kalamu na kijitabu cha bili. "Elfu moja."