Shule Ikifungwa, Mzazi wa Kusini Asaidiwe Nini?

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye pia alikuwa mbunge wa Ruangwa mkoani Lindi, alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Siku hizo ziliongezwa. Kidato cha sita walitangulia kurudi tarehe 1 Juni kwa sababu ya mtihani wao, na madarasa mengine yote yakasubiri mpaka tarehe 29 Juni, yaani takriban wiki 15. Ukilinganisha na Uganda, ambako shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, muda wetu ulikuwa mfupi, na nadhani ufupi huo ndio uliotufanya tusahau haraka. Watoto walirudi, saa za masomo zikaongezwa, mtihani wa darasa la saba ukasogezwa kutoka Septemba hadi Oktoba, na hakuna kikao cha wazazi nilichohudhuria ambapo tuliulizana shule ilizisaidiaje familia katika wiki zile 15.

Swali hilo halijaisha muda wake. Ugonjwa wa Marburg umeshaingia Kagera mara mbili, mwaka 2023 na 2025, na Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Kilwa. Siku nyingine shule zetu zitafungwa tena. Zikifungwa, je, wajibu wa kwanza wa shule kwa familia ni kupeleka masomo nyumbani, au ni kuishika mkono familia yenyewe: kujua mtoto yuko wapi, yuko na nani, ana daftari au hana, na mzazi aambiwe nini ili mtoto asipotee kabisa? Jibu rahisi ni kwamba vyote viwili vifanyike. Ningependa iwe hivyo, lakini mwalimu mkuu mwenye walimu saba na watoto mia sita hana nguvu za kuvifanya vyote kwa uzito mmoja, na lazima achague pa kuanzia.

Wanaotetea masomo kwanza wana hoja nzito, na sitaki kuipunguza. Mtoto wa darasa la pili aliyeanza kuunganisha silabi mwezi Machi anaweza kuwa amezisahau ifikapo Juni, na kumrudisha alipokuwa ni kazi kubwa kuliko kumshikilia pale pale. Zaidi ya hapo kuna suala la haki. Mtihani wa taifa ni mmoja, na haujui kama aliyeketi mbele yake alikaa Mikocheni, Dar es Salaam, akifundishwa kwa kompyuta au alikaa Kitangari, Mtwara, akilinda shamba. Shule ya mjini ikipeleka masomo, na ya kijijini ikapeleka salamu tu, pengo litapanuka kwa jina zuri la huruma. Kwa mantiki hiyo, hatua ya Taasisi ya Elimu Tanzania kuandaa vipindi vya masomo vilivyorushwa na TBC kwa redio na televisheni ilikuwa sahihi, kwa kuwa redio ndicho chombo kinachofika mbali kuliko vingine vyote tulivyo navyo.

Tatizo linaanza pale redio inapofika na mtoto hayupo. Machi hadi Juni, kwa mkulima wa Lindi na Mtwara, si miezi ya kukaa nyumbani. Ni palizi, kisha ni kulinda mazao dhidi ya nyani, ngedere na nguruwe, kazi ambayo kwa desturi huangukia watoto na wazee wanaoshinda kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia shamba, tangu alfajiri. Mwezi Mei ufuta unaanza kukatwa na kufungwa mafungu ili ukauke, na Juni mikorosho inadai kupuliziwa dawa ya salfa. Familia nyingi huhamia mashambani kwa majuma kadhaa, na nyumba ya kijijini anabaki bibi peke yake. Upande wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, maji yanapotoka wakati wa bamvua watoto hufuatana na mama zao mwambani kuchokoa pweza. Kipindi cha redio kina saa yake, nacho hakimsubiri aliye dunguni. Sisemi haya kulaumu wazazi: mkono wa mtoto katika msimu ule ndio unaonunua sare ya Januari, na shule inayojifanya hailijui hilo itaandaa msaada ambao hakuna atakayeupokea.

Mitandao ilikuwa na shida yake. Nina mtoto ambaye mwaka ule alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya binafsi, na walimu wake waliunda kundi la WhatsApp la wazazi. Nia ilikuwa njema. Lakini usiku mmoja zilitumwa kurasa zaidi ya thelathini za daftari la mwalimu zilizopigwa picha, baadhi zikiwa zimelala ubavu, na bando langu la wiki likaisha kabla ya picha ya ishirini. Siku nne baadaye ukaja ujumbe wa kuwataja wanafunzi ambao hawajarudisha kazi, majina yakiwa wazi mbele ya wazazi wote. Tangu siku ile baadhi ya wazazi walinyamaza katika kundi lile, na wengine walijiondoa. Hakuna aliyekuwa ametuuliza tuna simu za aina gani. Wengi nyumbani walikuwa na kitochi, na mwenye simu janja alikuwa ni baba anayeondoka nayo asubuhi. Umeme nao, katika mikoa hii iliyokuwa nje ya gridi ya taifa na kutegemea mitambo ya gesi ya hapa hapa, ulikatika mara kwa mara, na vitongoji vingi havikuwa nao kabisa.

Kwa hiyo wapo waliopendekeza karatasi: maswali yachapwe, yatolewe nakala na kusambazwa. Tupige hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 ni za vitabu na 6,000 ndizo huelekezwa shuleni. Tuchukulie kwamba nakala ya ukurasa mmoja ni shilingi 100, na mtoto apewe kurasa nne tu kwa wiki. Kwa wiki 15 mtoto mmoja atatumia shilingi 6,000, yaani fedha yote ya shule ya mwaka mzima, kabla haijanunuliwa chaki wala kufuli la ofisi. Anayesema “wapelekewe karatasi” bila kusema nani analipa anamrudishia mzazi mzigo ambao Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ule wa elimu bila malipo, ulikusudia kumtua.

Mwaka ule niliona njia nyingine katika kijiji cha wakwe zangu, juu kwenye uwanda wa Makonde. Mwalimu wa darasa la nne alitoa ubao mdogo, akauegemeza chini ya mwembe karibu na ofisi ya kijiji, na kila Jumatatu akaandika maswali kumi: matano ya hesabu, matano ya Kiswahili. Mtoto aliyekuja kuchota maji alinakili na kwenda zake. Ijumaa mwalimu alikaa pale pale na kalamu nyekundu kuanzia saa tisa. Maswali kumi kwa wiki ni machache mno, na mtetezi wa masomo angesema hiyo si elimu. Lakini mwalimu yule, kila Ijumaa, alijua ni nani hajaonekana, na aliwauliza wenzake. Kupitia mwembe ule alijua kwamba watoto wawili wamepelekwa kwa mjomba Nanyumbu na kwamba mmoja anaugua. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba swali la hesabu lilikuwa kisingizio kizuri cha kazi kubwa zaidi, ambayo ni kuhesabu watoto.

Kuna jambo linalosahaulika sana katika mjadala huu, nalo ni lugha. Katika shule za umma, mtoto husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha kidato cha kwanza kinaanza kwa Kiingereza. Mzazi aliyemaliza darasa la saba anaweza kukaa na mwanawe wa darasa la nne akakagua kuzidisha na kugawanya. Kaka yake wa kidato cha pili anapoleta kazi ya Biolojia, mzazi huyo huyo anakuwa mgeni nyumbani kwake. Nimeona baba akishika daftari, akiligeuza kurasa mbili tatu, kisha akilirudisha bila kusema neno, na mtoto akiona. Shule inapomwandikia mzazi wa namna hii “msimamie mwanao afanye kazi zilizoambatanishwa”, inampa aibu badala ya msaada. Ingemwandikia kwa Kiswahili mistari mitatu tu, kwamba wiki hii kijana anasoma mmeng’enyo wa chakula, anahitaji saa mbili ambazo hatatumwa popote, na ukitaka kujua kama amesoma mwambie akueleze kwa Kiswahili chakula kinapita wapi, mzazi angekuwa na kazi anayoiweza. Hapa wanaotanguliza masomo na wanaotanguliza familia wangeweza kukutana, lakini inahitaji mwalimu aketi amfikirie mzazi anayemwandikia.

Hoja iliyo ngumu zaidi dhidi ya upande ninaouegemea inatoka kwa walimu wenyewe, na ni ya haki. Mwalimu ameajiriwa kufundisha. Hana posho ya kutembea vitongoji vinne vilivyotawanyika, hana pikipiki, na vocha ya kupigia wazazi themanini inatoka mfukoni mwake. Walimu wengi wa shule zetu wametoka mikoa mingine, na shule zikifungwa huwa na haki ya kwenda kuona wazazi wao. Isitoshe, tulikuwa katika maradhi yanayoambukiza kwa kukaribiana, na mwalimu anayezunguka nyumba kumi kwa siku anaweza kuwa yeye ndiye anayeyasambaza. Tena kuna hatari ya upendeleo: nyumba zilizo karibu na barabara zitatembelewa, za ng’ambo ya bonde zitasubiri.

Nakubali karibu yote hayo, na ndiyo maana sidhani kwamba mwalimu atembee. Kijiji tayari kina njia zake za habari. Mwenyekiti wa kitongoji anajua nani amehamia shamba gani. Mwaka 2020 nyumba za ibada hazikufungwa, na shule zilifungwa ikiwa umebaki muda mfupi kabla ya Ramadhani iliyoanza mwishoni mwa Aprili, mwezi ambao misikiti ya pwani yetu hujaa kuliko miezi yote. Tangazo la mwalimu mkuu baada ya sala ya Ijumaa, na lingine kanisani Jumapili, lingefika nyumba nyingi bila gharama. Walimu wa madrasa walikuwa wanawajua watoto wale wale kwa majina. Sikusikia shule iliyowaomba hata wakumbushe kusoma, na nafasi hiyo tuliipoteza bure.

Kuna kundi moja la watoto ambalo kwangu linaumaliza ubishi kuhusu pa kuanzia. Kwa msichana aliyevunja ungo, wiki 15 bila mwalimu wa malezi kumwona ni muda mrefu. Jando na unyago kwetu hupangwa wakati wa likizo, na nina heshima na mafunzo yale. Ninachosema ni kwamba likizo isiyojulikana mwisho wake humfanya binti aonekane amemaliza shule, machoni pa wanaomtazama na wakati mwingine machoni pake mwenyewe. Mwaka 2020 aliyepata mimba hakuwa na njia ya kurudi katika shule ya umma, kwa kuwa ruhusa hiyo ilitangazwa Novemba 2021. Kipindi kizuri cha hisabati redioni kisingemlinda. Mwalimu aliyempigia mama yake wiki ya tatu na kuuliza, “Mama, binti yetu hajambo? Nimemwekea nafasi yake,” pengine angemlinda, kwa sababu nyumba ingejua kuwa kuna mtu anamhesabu.

Kwa hiyo naegemea upande wa familia kwanza, isipokuwa kwa darasa la kwanza na la pili. Hao wanaojifunza kusoma hawawezi kungoja, na kwao ningetaka ukurasa mmoja wa kusoma kwa sauti kila siku, hata kama fedha ya nakala itabidi iondolewe madarasa ya juu yenye vitabu. Kwa wengine wote, masomo machache yanayofika kila wiki bila kukosa yana faida kuliko mengi yanayotumwa usiku mmoja. Najua uamuzi huu una gharama: mtoto mwenye uwezo mkubwa, ambaye angesoma mwenyewe kurasa mia kama angezipata, atapunjwa. Huyo apewe kitabu aende nacho shambani. Shule nyingi zilifungia vitabu stoo kwa kuhofia kupotea, na vilipotolewa Juni vilikuwa na vumbi.

Maandalizi ya siku shule zitakapofungwa yanafanyika Januari, wakati hakuna ugonjwa wowote. Siku ya kuandikisha, mwalimu huuliza jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mzazi, namba ambayo mara nyingi ifikapo Machi haipatikani. Aongeze maswali manne tu: wakati wa kilimo mnahamia wapi, nani hubaki na mtoto, nani katika nyumba anajua kusoma, na simu ya jirani gani tukipiga mtapata ujumbe. Majibu yake yanatosha kwenye mstari mmoja wa daftari la mahudhurio, na mwandiko wa mwalimu hauhitaji umeme.