Mvua Ileile, Mwenzangu Ikampa Urais

Jamani, babu yangu mzaa baba alikuwa na zizi limejaa ng'ombe, hakuwahi kumwomba mtu hata chumvi. Aliitwa Matonya. Walimpa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mvua inatonya, na kwa Dodoma yetu hii mvua ni jambo la kumwitia mtoto kweli. Ikikukosa kati ya Desemba na Aprili, basi tukutane mwakani.

Sasa Nyerere naye, kule Butiama mwaka 1922, alizaliwa mvua inanyesha. Wazanaki wakamwita Kambarage, mzimu wa mvua. Mwenzangu mvua ikampa urais. Mimi ikaniachia bakuli.

Maana alitokea Matonya mwingine, yule ombaomba wa Dar es Salaam, mtu wa hukuhuku Dodoma, akavuma nchi nzima mpaka kila anayenyoosha mkono akawa Matonya. Na mimi ni bodaboda wa Nkuhungu. Abiria akinilipa kwa simu, anabonyeza namba, jina linatokea, anaganda. Anaitazama simu, ananitazama mimi. "Hii nauli au sadaka?" Kijiweni ndiyo usiseme. Nikiazima mia mbili ya maji hawanipi mkononi, wanaidondosha kwenye helmeti yangu, kling! halafu wanasema "Mungu akuzidishie", wakati hilo ndilo neno langu mimi.

Wengine utani umewapendeza. Mwinyi akawa Mzee Ruksa. Malecela, mtu wa Mvumi hapo, akaitwa Tingatinga. Sasa mimi hata utani wenyewe sina. Langu liko kwenye kitambulisho!

Wa kulaumiwa ni fomu. Zamani jina la babu lilijiondokea lenyewe: mwanangu angebeba langu na la baba yangu, Matonya akapumzika zake. Fomu zikaja na kile kimstari cha "jina la ukoo", baba akakijaza kwa mwandiko mzuri kabisa, likaganda. Sasa binti yangu wa darasa la pili naye Matonya. Darasani hathubutu kuazima hata kifutio.

Juzi nikaenda ofisi moja kuuliza namna ya kulibadili. Dada wa dirishani akanitajia kiapo, hati, mihuri, na ada kila mahali. Nikapiga hesabu, nikainama kwenye kitundu cha kioo: "Dada yangu, kwenye hizo ada huwezi kunisaidia chochote?"

Akashusha macho kwenye fomu, akayasoma majina yangu matatu polepole. Mabega yakaanza kumtikisika.