Uso Ulio Mbele Yako na Uso Ulio Kwenye Simu

Wachoraji wengi wa sura mijini kwetu siku hizi hawamwoni mtu wanayemchora. Mteja anatuma picha kwa WhatsApp, mchoraji anaigawa kwa miraba, anaihamishia kwenye karatasi, kisha anakoleza vivuli kwa penseli. Wapo wanaosema huko ni kunakili tu. Naona wanawaonea.

Vifaa vya kusaidia jicho si vipya. Mwaka 1833 Mwingereza William Henry Fox Talbot alishindwa kuchora Ziwa Como, Italia, hata kwa kifaa cha kioo kinachoonyesha taswira juu ya karatasi. Kushindwa huko kulimsukuma kutafuta namna ya kuifanya nuru ichore yenyewe, yaani upigaji picha. Mchoraji Mfaransa Edgar Degas alitumia picha za kamera. Mchoraji Mmarekani Amy Sherald, aliyemchora Michelle Obama, huwapiga picha kwanza anaowachora. Na kukaa mbele ya mchoraji ili uchorwe ni kazi: Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa sanaa, alisimulia kwamba alikaa mbele ya mchoraji Paul Cézanne mara 115, na bado picha haikuisha. Mfanyabiashara gani wa Kariakoo ana muda huo? Marehemu je, atachorwaje?

Hata hivyo, simu ina makosa yake. Ikisogezwa karibu huvimbisha pua na kurudisha masikio nyuma. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi. Juani, paji la uso hubeba buluu ya anga, na chini ya kidevu hupanda wekundu wa udongo. Simu mara nyingi hufanya yote hayo kivuli kimoja cheusi, na mchoraji anakihamisha kama kilivyo.

Kwa mandhari hasara ni kubwa zaidi, maana simu hushika mwanga wa wakati mmoja tu. Mchoraji Claude Monet alichora kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, zaidi ya mara 30 kati ya 1892 na 1894, akifuata mwanga unaobadilika. Na kuna njia ya tatu tunayoisahau: kumbukumbu. Pale Makerere, mwalimu wa sanaa Margaret Trowell aliwasimulia wanafunzi kisa, wakachora walichokiona akilini. Humo alitoka mchoraji Mtanzania Sam Ntiro, na mchoro wake wa 1956 wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku umehifadhiwa katika MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, New York.

Kwa hiyo mandhari ya kunakili kutoka kwenye simu siikubali. Sura naikubali kwa sharti: mteja akiweza, aketi dirishani hata nusu saa, mchoraji aandike pembeni mwa karatasi rangi anazoziona. Picha ya simu itumike kwa vipimo.