Umeshusha gari? Weka Kisu Chini Kwanza

Ukienda kushusha Toyota Altezza, yaani kuifanya ikae chini karibu na barabara, stori ni ile ile. Springi fupi zinafungwa, gari linalala vizuri, picha zinapigwa. Baada ya muda linaanza kugonga kila tuta, na lawama zote zinaangukia shokapu: feki hizi! Mimi nasema mara nyingi shokapu inaonewa.

Ukishusha milimita 40 kwa springi tu, shokapu ukaiacha ile ile ya kiwandani, hizo 40 umezitoa kwenye nafasi ya gurudumu kupanda. Rodi, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye shokapu, inabaki na sehemu ndogo ya kutembea kabla ya kufika kwenye bampustopa, kile kiraba cha juu. Magari mengine yanakikalia hata yakiwa yamepaki.

Hapo ndipo fundi anapotoa kisu: "Tukikate hiki bosi, ndicho kinachogonga." Hapana. Kile kiraba, ambacho siku hizi kwa kawaida ni povu la poliyurethani, ni springi ya pili. Kadiri kinavyobanwa ndivyo kinavyokuwa kigumu. Ukikiondoa, mzigo wote unapokelewa na chuma, pistoni iliyo ndani ya shokapu inaweza kugonga vali ya chini, na ukishaona mafuta yanatiririka ndipo "ufeki" unapothibitishwa. Kwenye kona nako kina kazi: cha mbele kikibanwa ghafla, gari linagoma kukunja, cha nyuma kikibanwa, mkia unatoka. Na Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mvua ikinyesha hilo la pili si la kuchezea.

Kupima si kazi kubwa. Toa springi, rudisha shokapu na kiraba chake, kisha pandisha gurudumu kwa jeki taratibu. Tazama kipi kinafika kwanza: tairi kwenye fenda, au kiraba kubanika mpaka mwisho. Kiraba ndicho kitangulie. Kumbuka shokapu ya Altezza imefungwa katikati ya mkono unaoshikilia gurudumu, haiko kwenye gurudumu lenyewe, hivyo milimita 10 za rodi ni zaidi ya 10 kwenye tairi. Ikibidi kukata, punguza upande mnene. Ile ncha nyembamba iache, ndiyo inayoanza kupokea mzigo kwa ulaini. Mwisho funga kwenye rodi kile kikamba cha plastiki cha kubania nyaya, pita matuta unayoyajua, kisha angalia kimesukumwa mpaka wapi.

Wenye koilova (shokapu na springi zilizoungana, unazorekebisha urefu wake) zinazorefuka na kufupika kwa chini, zungusheni mwili wa shokapu kwenye kikombe chake cha chini. Mkishusha ringi ya springi peke yake, mnakula nafasi ile ile.

Kwa barabara za Dar na matuta yake, mimi sivuki milimita 30. Wanaotaka fenda ifunike tairi wafunge mifuko ya hewa badala ya springi, wapandishe gari wakiona tuta. Ni gharama, najua.