Kusikiliza kwa Kina cha Sentimita 35

Kabla sijaeleza namna wanamuziki wanne wenye akili timamu, mmoja wao mwalimu wa fizikia, walivyokaa gizani ndani ya tangi huku maji yakiwapanda miguuni, na bado wakaendelea kupiga muziki kwa dakika ishirini na tano, naomba msomaji akubali jambo moja: tulipoingia, tangi lilikuwa tupu. Nina hakika nalo kwa sababu tulilisugua sisi wenyewe.

Wazo lenyewe lilitoka Marekani. Mwaka 1988 mpiga akodioni Pauline Oliveros aliingia na wenzake katika tangi tupu la maji lililoko futi 14 chini ya ardhi huko Fort Worden, katika jimbo la Washington, mahali ambapo sauti moja ilikawia sekunde 45 kabla ya kufa kabisa. Wakapiga humo bila nota, kila mmoja akimsikiliza mwenzake na wote wakilisikiliza tangi, na mwaka uliofuata ikatoka albamu. Jina waliloipa lilikuwa na utani ndani yake, kwa vile walikuwa wamezama chini kweli: kusikiliza kwa kina. Sisi wa Moshi tuliposoma habari hizo tulivutiwa mno na neno kusikiliza. Neno kina tulilipita haraka.

Kundi letu lilikuwa la watu wanne. Mimi nilikuwa na sintesaiza ndogo, yaani kinanda cha umeme, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye vitufe viwili visivyoitika. Mwalimu alikuwa na kompyuta mpakato yenye programu inayonasa sauti, kuikata vipande na kuirudisha polepole, kiasi kwamba mvuto mmoja wa zeze unaweza kugeuka kuwa mvumo wa dakika mbili. Zeze lilikuwa la dada mmoja mfupi, mkimya, ambaye kwa maoni yangu ndiye pekee kati yetu aliyekuwa mwanamuziki. Wa nne tulimwita Bwana Ngoma. Huyu riziki yake ni bendi ya harusi, na amezoea kulipwa kulingana na kelele, hivyo nilipomwambia kwamba katika muziki wa kutafakari angepiga pigo moja kwa dakika, na pengine dakika nyingine asipige kabisa, aliniuliza kwa huzuni kama saa ya ukutani isingefanya kazi hiyo kwa bei nafuu.

Tangi lilikuwa la baba yangu mkubwa, huko Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katikati ya migomba na kahawa. Ni tangi la saruji lililofukiwa ardhini, la mviringo, upana wa mita tano na kina cha mita tatu, lenye mfuniko wa bati juu na ngazi ya chuma ndani. Kipindi cha kiangazi hukauka, kisha hujazwa maji ya mfongo, ule mfereji wa jadi wa Wachaga, kwa bomba la inchi tatu, kila zamu ya baba mkubwa inapofika. Zamu hiyo ndiyo habari yake kubwa maishani. Mtu akimwamkia shikamoo, huitika marahaba na kuendelea moja kwa moja na malalamiko yake kwamba kuna mtu huko juu, jina lake analijua lakini hatalitaja, anayemwibia maji katikati ya zamu.

Nilimweleza nia yetu kwa heshima zote.

"Huo muziki una maneno?" aliuliza.

"Hauna, baba mkubwa."

"Unachezeka?"

"Hauchezeki. Ni wa kukaa na kutulia."

Alifikiri kidogo. "Sasa wanaosikiliza watajuaje kwamba umekwisha?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Hata hivyo alikubali, kwa sharti kwamba tulisafishe tangi kwanza, tutoe tope la miaka miwili na kusugua kuta mpaka saruji ionekane. Tulifanya kazi hiyo siku mbili. Mtu mwenye busara angejiuliza kwa nini mzee anataka tangi lisafishwe wiki ileile ya zamu yake, lakini sisi tulikuwa tunapiga makofi na kuhesabu mwangwi. Ulikuwa sekunde nne. Kwa tangi la Kibosho tuliona si haba.

Nikamuaga kwa kumwambia kwamba tungeanza Jumamosi saa moja, naye akajibu kwamba Jumamosi saa moja ni sawa kabisa. Kumbe yeye alimaanisha saa moja asubuhi, saa ambayo watu wote wenye kazi za maana huanza kazi zao, nami nilimaanisha saa moja jioni, saa ambayo wanamuziki huamka. Asubuhi hiyo mzee alikwenda msibani. Aliporudi mchana akakuta kimya, akahitimisha kwamba tumekuja, tumetafakari, tumeondoka. Sisi tulifika jioni tukiwa na vyombo mgongoni, tukapita njia ya chini kwenye migomba ili tusimsumbue mzee wakati wa chakula. Ilikuwa adabu tu, na ilitugharimu spika.

Lazima nitaje mambo mawili tuliyofanya kwa uangalifu, kwa sababu yote mawili yalichangia. La kwanza, Mwalimu alikataa katakata kuvuta umeme wa nyumbani mpaka ndani ya tangi lenye unyevu, akaleta betri ya gari ya volti 12, na kwa hilo huenda niko hai. La pili, sakafu ilikuwa ya baridi, hivyo tukavaa gambuti, sote wanne, zinazofika karibu na magoti. Vyombo tuliviweka juu ya kreti za soda, mbili mbili, isipokuwa spika ya sauti nzito, iliyowekwa sakafuni ili tangi zima litetemeke. Kinasa sauti tulikining'iniza kwa kamba kutoka kwenye mfuniko. Taa zikazimwa, mfuniko ukarudishwa nusu, macho yakafumbwa, na kanuni ikawa moja: asiongee mtu, asifumbue macho mtu, mpaka zeze linyamaze lenyewe. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri na sina la kusimulia, kwa kuwa muziki wa aina hii ukienda vizuri hakuna kinachotokea.

Ilipogonga saa tatu, upande wa ukutani pakaanza mchirizo mwembamba. Nilidhani ni Mwalimu. Naomba nisihukumiwe haraka: sintesaiza ya kawaida hutengeneza sauti ya maji bila tone moja la maji, kwa kuchukua ule mkwaruzo wenye masafa yote kwa pamoja, kama unaosikika redio inapokosa stesheni, na kuupitisha kwenye chujio la sauti, chujio likifunguka na kujifunga, mkwaruzo unageuka kuwa mvua, au wimbi, au mto. Kwa hiyo nilidhani ni Mwalimu na kompyuta yake. Mwalimu, kama alivyokiri baadaye, alidhani ni mimi. Dada wa zeze alidhani ni sisi wawili tunashindana, akaamua kutuvumilia kama anavyotuvumilia siku zote.

Mchirizo ukawa mmiminiko. Mwanzoni ulikuwa na mlio mkali wa makofi, wa maji yanayopiga saruji kavu. Kisha, maji yalipoanza kuangukia maji wenzake, mlio ukashuka, ukanenepa, ukawa unabubujika kwa namna iliyonisisimua mwili. Nikajisemea kwamba mtu huyu amejificha katika fizikia miaka yote na kumbe ni fundi. Nikamjibu kwa mvumo wa chini kabisa ambao sintesaiza yangu inaweza kuutoa. Spika ya sakafuni ikaupokea, ikaufifisha, ikaugeuza kuwa kama mkoromo wa ng'ombe aliyelala, kisha ikanyamaza kabisa. Nilifurahi mno. Nilidhani ni uamuzi wa kisanaa.

Ndipo Bwana Ngoma alipoingia. Tuk. Kimya kirefu. Tuk, tuk. Kimya kingine, kirefu zaidi, kisha pigo moja la mbali, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemsihi apige hivyo akashindwa, na sasa, gizani, alikuwa amefika. Karibu machozi yanitoke.

Dakika chache baadaye maji yalipungua ghafla, yakawa uzi mwembamba kwa muda kama wa dakika nne, halafu yakarudi kwa nguvu zote. Sikuelewa sababu yake ya kimuziki, ila niliiheshimu.

Kisha nikaona nuru. Ilikuwa nyekundu, nyuma ya kope zangu, ikitokea juu. Nilikuwa nimesoma kwamba watu hukaa miaka mingi wakitafakari ili waione, nami nilikuwa nimeipata katika kikao cha kwanza, Kibosho. Nuru ikafuatiwa na ukelele mwembamba uliozunguka tangi kwa sekunde nne, mzuri ajabu, kisha vishindo vya miguu vikitokomea.

Kilichotokea huko juu nimekipata kwa wahusika wenyewe. Baba mkubwa, baada ya kufungulia maji yake saa tatu kamili, alimtuma mjukuu wake wa darasa la nne akamulike tochi aone yamefika wapi. Mtoto alimulika na kuona watu wanne wameketi ndani ya maji, macho wameyafumba, mmoja akipiga zeze. Alikimbia mpaka sebuleni akipiga kelele, "Babu, tangini kuna majini!"

Baba mkubwa masikio yake ni ya umri wake. "Najua kuna maji ndani," alisema. "Nimeyafungulia mwenyewe."

"Siyo maji, babu, majini! Majini yanapiga zeze!"

"Majini, ndiyo. Nenda kalale."

Kwa hiyo tuliendelea. Pengine tungeendelea mpaka shingoni kama gambuti zetu zingekuwa na urefu mmoja, lakini za dada wa zeze zilikuwa fupi kuliko zetu, na maji ya Kilimanjaro hayana mzaha. Zeze lilikatika katikati ya mvuto.

"Yesu na Maria," alisema, "maji!"

Maji, maji, maji, tangi likarudia. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani hatimaye tumepata maneno ya wimbo. Programu ya Mwalimu nayo ilikuwa kazini kama ilivyoagizwa: ikainasa sauti ya yule dada, ikaivuta, na kuanza kumrudishia polepole, kwa sauti ya mwanamume mnene, maaaji, maaaji. Nilipofumbua macho na kuwasha taa ya simu, gambuti zangu zilikuwa zimebakiza vidole viwili. Dumu letu tupu la lita tano lilikuwa linaelea taratibu, likisogea, likigonga ngazi ya chuma: tuk. Likarudi nyuma, likageuka, likagonga tena: tuk, tuk. Bwana Ngoma alikuwa amelala fofofo kwenye kiti chake, mikono kifuani, mdomo wazi.

Uokoaji siuelezi kwa urefu kwa sababu haumpi mtu sifa. Nitasema tu kwamba Mwalimu aliipandisha kompyuta kabla ya kumpandisha dada wa zeze, na kwamba yule dada hajasahau. Tulipochomoza mmoja baada ya mwingine kwenye mfuniko, baba mkubwa alikuwa amesimama na taa, kwa kuwa kelele zetu zilikuwa zimemfikia hata yeye. Alitutazama, akazitazama gambuti zetu.

"Mmekanyaga maji ya ng'ombe," alisema.

Tangi lilimwagwa, likasuguliwa upya, safari hii tukiwa wataalamu. Zamu ya maji ilikuwa imepotea. Jioni ya siku ya pili, tukiwa bado na brashi mikononi, Mwalimu aliunganisha kinasa sauti na spika iliyosalia ili angalau tujue tulichopata, na baba mkubwa akaja kusimama juu ya mfuniko, mikono nyuma. Alisikiliza nusu saa ya kwanza bila kutikisika. Maji yalipoanza aliinamisha kichwa, na ilipofika dakika ya 43 akanyoosha kidole.

"Rudisha hapo."

Mwalimu akarudisha. Maji yakapungua, yakawa uzi.

"Huyo hapo," alisema baba mkubwa kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Saa tatu na dakika kumi na tatu. Nimemkamata."

Ndivyo albamu yetu ilivyozinduliwa mbele ya kamati ya mfongo, wazee wanane kwenye mabenchi chini ya mti. Mwalimu alipendekeza aanzie dakika ya 40, lakini baba mkubwa alisema ushahidi haukatwi, hivyo wakausikiliza wote tangu mwanzo, dakika 55, fimbo kati ya magoti na macho yamefumbwa, bila mtu kukohoa. Sijawahi kupata wasikilizaji kama wale na sidhani kama nitawapata tena. Maji yalipopungua, wazee saba walifumbua macho na kumtazama wa nane.

Yule mzee alikaa kimya kwa muda.

"Nilichota mimi," alisema. "Madebe machache tu, ng'ombe alikuwa amezaa. Mbege ya faini nitaleta." Kisha akaelekeza fimbo kwenye spika. "Lakini huyo anayegonga ni nani? Huyo kijana anajua kugonga."

Bwana Ngoma akasimama, akavua kofia.