Programu za Kemia: Kinachotukwamisha Zaidi Si Bei, Ni Ruhusa ya Kugawa

Katika vyuo na maabara za Mwanza, mazungumzo kuhusu programu za kukokotolea kemia, yaani za kukadiria kwa kompyuta nishati na tabia za molekuli, huishia haraka kwenye bei: Gaussian inauzwa, VASP inauzwa, fedha hatuna, basi tutafute za bure. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inafunika jambo lenye uzito zaidi. Miongoni mwa programu zisizolipiwa zimo ambazo leseni yake inakuruhusu kuzitumia tu, na zimo zinazokuruhusu pia kuzinakili, kumpa mwenzako, na kusoma msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na waundaji, mstari kwa mstari; hizi ndizo huitwa huria. Mtafiti wa Ulaya mwenye intaneti ya kasi na barua pepe ya chuo anaweza kuishi miaka mingi bila kuhisi tofauti hiyo. Mwanafunzi wa Malimbe au Bugando huihisi siku ya kwanza.

Wanaofunga programu zao wana sababu za kweli, na si haki kuwaita wachoyo. Gaussian ilitoka mwaka 1970 katika kundi la John Pople, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998, na mwanzoni iligawiwa kwa wanasayansi kupitia kituo cha kubadilishana programu kilichokuwa Chuo Kikuu cha Indiana. Kampuni ilikuja baadaye. Ruzuku za utafiti hulipia wazo jipya, lakini ni nadra kumlipa mtu wa kurekebisha kasoro za zamani, kuandika mwongozo na kujibu maswali ya watumiaji. Mauzo ya leseni ndiyo yanayoziba pengo hilo. Waendelezaji wa Q-Chem, programu nyingine ya kulipia, na wenzao waliitetea hoja hii waziwazi mwaka 2015, walipowajibu waliotaka kila msimbo wa kisayansi uwekwe wazi. Na hata madai kwamba programu iliyofungwa haiaminiki hayasimami yakiachwa hivyo hivyo: mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha ulinganisho wa programu 15 kwa kutumia fuwele za elementi 71, na zile za kisasa, za kulipia na za huria, zilikaribiana sana katika majibu yake.

Kati ya pande hizo mbili, iliyofungwa na huria, ipo njia ya ORCA, programu inayotoka katika kundi la Frank Neese kwenye taasisi ya Max Planck huko Mülheim, Ujerumani. Mwanataaluma halipi, kiwanda hulipa. Ni mpango wa busara na umewasaidia wengi, nasi tukiwemo. Hata hivyo kila mtumiaji hujisajili mwenyewe, hukubali masharti mwenyewe na hupakua mwenyewe. Kumgawia mwingine hairuhusiwi.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Mhadhiri ana faili kwenye flashi, darasa lina kompyuta mpakato zinazotosha, lakini intaneti ya chuo imelala na bando la kila mwanafunzi halitoshi faili kubwa kiasi hicho. Leseni inamtaka kila mmoja aende mlango wa mbele peke yake. Matokeo yake tunayafahamu sote: flashi inazunguka kimyakimya, au anatokea mtu mwenye kopi ya Gaussian iliyovunjwa kufuli, na kijana anajifunza sayansi huku akijifunza kuficha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, hivyo huo si utundu mdogo. Siku ya kuandika makala, sehemu ya mbinu hudai jina na toleo la programu, na kijana ama anadanganya, ama anaitupa kazi ya miezi. Kisha anahitimu, anaajiriwa katika maabara ya dhahabu Geita au kiwanda cha minofu ya sangara, na haki yake ya matumizi ya kitaaluma inakoma pale pale, ingawa swali alilolianza chuoni, jinsi zebaki ya wachimbaji inavyoshikana na samaki, sasa ndilo analokutana nalo kazini kila siku.

Swali hilo la zebaki linaonyesha pia kwa nini msimbo wazi si anasa. Zebaki ya wachimbaji wadogo ikishageuzwa na bakteria kuwa methili-zebaki, hung'ang'ania salfa iliyomo katika protini za samaki, na uimara wa kifungo hicho unaweza kukokotolewa. Mwanafunzi atachagua B3LYP, mbinu ya kukadiria nishati ya elektroni katika molekuli, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka. Lakini B3LYP ya Gaussian na B3LYP ya ORCA kwa miaka mingi hazikuwa kitu kimoja: kwa sehemu moja ya nishati hiyo, ya kwanza ilitumia fomula ya tatu ya watafiti Vosko, Wilk na Nusair, ya pili ikatumia ya tano. Ukifanya hesabu yako yote ndani ya programu moja, tofauti hiyo huleta athari ndogo. Ukichukua nishati ya methili-zebaki kutoka programu moja na nishati ya kampaundi iliyoungana na salfa kutoka nyingine, jambo ambalo mwanafunzi anayeazima kompyuta hulifanya kwa urahisi sana, kosa linaweza kuzidi nishati anayoitafuta. Miongozo siku hizi inalieleza hili kwa anayeisoma. Katika programu huria kama Psi4 au PySCF, mwalimu anaweza kuufungua msimbo mbele ya darasa na kuonyesha fomula inayotumika.

Programu huria nazo zina mzigo wake. Kuzisakinisha huchosha, nyingine zimeandikwa kana kwamba kila mtu ana kompyuta kuu, na zikikwama hakuna anayelazimika kukujibu. Ila ujuzi wa kuzitengeneza hubaki kwetu. Shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, iliyofanyika Eldoret mwaka 2012, ilifundishia Quantum ESPRESSO, programu huria yenye mizizi Trieste, Italia. Aliyehudhuria alikuwa na haki ya kurudi nayo nyumbani na kumpa yeyote.

Kwa hiyo idara zetu zifundishie programu ambazo leseni yake inaruhusu kugawa: Quantum ESPRESSO, NWChem, Psi4, xTB kwa kompyuta ndogo. ORCA ibaki kwa mtafiti aliyejisajili mwenyewe na kazi inayoihitaji, na fedha za Gaussian ziombwe pale tu andiko la mradi linapoonyesha hesabu ambayo programu hizo haziwezi kuifanya. Aina ya leseni iandikwe kwenye muhtasari wa somo, kando ya jina la programu, kabla muhula haujaanza.